Mfalme Aliyeweka Ubao Mbele Yake: Neno juu ya Kisolo na Fete Zetu



Leo nataka tuzungumze historia, lakini tuanzie kwenye fete moja ya hapa kwetu Mulongo. Likizo kubwa iliyopita, sisi waliosoma tulirudi nyumbani, mmoja kutoka Lubumbashi, mwingine Kamina, mwingine Likasi. Tukachanga franka, tukanunua samaki kwa wavuvi wa Lualaba, mama zetu wakapika bukari na sombe, tukaalika majirani wote: wazee, wavuvi, mashemeji, na vijana ambao hawakupata bahati ya kuendelea na masomo. Nia ilikuwa nzuri. Tukae pamoja, tusiwe watu wa kuonana kwenye kilio tu.

Yaya mmoja wa kwetu alileta mchezo wa mezani kutoka mjini. Sanduku zuri, karata za rangi, pesa za karatasi, vipande vya kusogeza, na kitabu kidogo cha sheria, kurasa 12, kwa Kifaransa. Akasimama, akaanza kusoma. Anasoma sentensi moja, anatafsiri, anarudi nyuma kusahihisha, anaendelea. Alipofika ukurasa wa 4, mzee mmoja alikuwa amekwisha kugeuza kiti chake. Mama mmoja akauliza kwa sauti: "Mwana wangu, hii iko mchezo ao iko ekizame?" Watu wakacheka. Sisi pia tukacheka, lakini nusu saa baadaye kulikuwa na fete mbili ndani ya parsele moja. Chini ya taa, sisi wenye diplome wanne tumeinamia meza. Chini ya mwembe, watu wengine wote na mazungumzo yao.

Hakuna aliyegombana na mtu. Lakini wakati wa kuagana, kijana mmoja niliyesoma naye shule ya msingi, leo anashona nyavu kule mtoni, aliniambia polepole: "Mulituita tukuje kuona vile munajua." Kisha akaenda zake.

Neno lile halikuniacha kulala. Na kwa kuwa nilisoma historia, nikaanza kujiuliza swali la mtu wa historia: michezo hii ya ubao, ambayo babu zetu wote waliijua, iliingiaje kwa watu ambao mwanzo hawakuijua? Hapakuwa na sanduku wala kitabu cha sheria. Nani aliileta, na alifanya nini hata watu wakaipokea? Kumbe jibu lake liko karibu na sisi kuliko nilivyofikiri.

*Mfalme wa Wakuba*

Twende kwanza Kasai, kwa jirani zetu Wakuba. Mwaka 1908 Mhungaria mmoja, jina lake Emil Torday, alifika Mushenge, mji mkuu wa ufalme wao. Alikuwa anakusanya vitu kwa ajili ya British Museum ya London, lakini pia alikaa na wazee wa baraza la mfalme, akaandika historia waliyomsimulia. Kati ya vitu alivyoondoka navyo kulikuwa na sanamu za wafalme zinazoitwa ndop. Ni sanamu za mti, urefu wa nusu mita na kidogo, mfalme amekaa, amekunja miguu, uso umetulia. Kila mfalme ana alama yake iliyochongwa mbele yake ili watu wamtambue. Mwingine ana ngoma. Na mfalme mkubwa kupita wote katika masimulizi yao, Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 17, alama yake ni ubao wa mashimo. Mchezo ule wao wanauita lela. Ni ndugu wa kisolo chetu.

Fikirini kidogo. Mfalme angeweza kukumbukwa kwa mkuki, ao kwa kisu cha vita. Wakuba walikuwa na vyote hivyo. Lakini waliochonga walimkumbuka kwa mchezo.

Wazee walimweleza Torday sababu. Shyaam, kabla ya kupata ufalme, alisafiri upande wa magharibi, akaona jinsi watu wengine wanavyoishi. Aliporudi alileta mambo mengi: kufuma nguo za rafia, kulima muhogo, tumbaku. Na alikuta watu wake wamezama katika kamari. Watu walikuwa wanapoteza mali zao kwa mchezo wa bahati. Basi, wanasimulia, aliwaletea lela ishike nafasi ya kamari.

Mwanahistoria Jan Vansina, aliyeandika kitabu kizima juu ya Wakuba mwaka 1978, anatuonya tusichukue yote hayo neno kwa neno. Watu wakimpenda mfalme wa zamani, kila kitu kizuri kinawekwa kwa jina lake. Inawezekana lela ilikuwako kabla yake, ao ilikuja polepole kwa njia za biashara. Sawa. Lakini hata kama ni masimulizi, masimulizi yale yanatuonyesha Wakuba wenyewe walifikiri nini juu ya namna ya kuleta mchezo. Shyaam hakuwaambia watu "acheni ujinga, mimi nimetembea, nimeona." Aliona kwamba tayari wanapenda kukaa pamoja, kushindana, kungoja zamu. Akawapa kitu kilichotosha hamu ileile, ila kisichokula nyumba zao. Alianzia pale walipokuwa wamekaa.

Sisi Mulongo tulifanya kinyume. Watu walikuwa tayari na furaha yao, habari za samaki, habari za ndoa, na sisi tukawaomba wanyamaze ili tuwasomee.

*Mchezo ulioleta vita*

Kwetu Waluba tuna simulizi la upande wa pili. Wote tunalijua tangu utotoni: Nkongolo Mwamba, mfalme mkali, na Kalala Ilunga, mtoto wa dada yake aliyezaliwa na Mbidi Kiluwe, yule mwindaji mgeni kutoka mashariki. Tunakumbuka sana sehemu ya shimo: Nkongolo anachimba shimo, anapanda mikuki ndani, anafunika kwa mkeka, anamwita mpwa wake acheze ngoma juu yake. Mpwa anaonywa, anachoma mkeka kwa mkuki wake, anatoroka na kuvuka Lualaba kwenda kwa baba yake. Baadaye anarudi na jeshi, na ufalme unabadilisha mikono.

Lakini kabla ya shimo kulikuwa na mchezo. Masimulizi yaliyoandikwa na watafiti yanasema mjomba na mpwa walishindana katika michezo, mmoja unaitwa masoko na mwingine bulundu, ule wa mpira, na kijana alikuwa anamshinda mfalme mbele ya watu. Mengine yanaongeza kwamba mama mzazi wa Nkongolo alimcheka mwanawe kwa kushindwa, na mfalme kwa hasira akamzika akiwa hai.

Tunasoma simulizi hili kama historia ya mwanzo wa ufalme, na ni kweli linahusu hayo. Lakini lisome tena kama mtu anayeandaa fete. Kilichomuumiza Nkongolo ni kushindwa mbele ya watu, watu wakacheka, na hakuna aliyekuwa na njia ya kumwinua. Wazee wetu waliweka kicheko kile pale mwanzoni, kabla ya vita, juu ya kutuambia kitu. Mchezo unafungua uhusiano wa watu, ila unaweza pia kuuvunja, na mahali unapovunjika ni pale aliyeshindwa anapobaki peke yake na aibu yake.

Mtu mzima ambaye hajawahi kucheza mchezo wako, unapomwita mezani mbele ya watoto wake na wakwe zake, unamwomba kitu kikubwa. Unamwomba akubali kuwa mjinga kwa nusu saa. Sisi tumezoea hali ile, maana luniversite yote ni kuwa mjinga mbele ya profesa mpaka uelewe. Mzee ambaye watu wanamheshimu kwa mambo anayoyajua, kwa nini akubali? Atageuza kiti. Kugeuza kiti ni namna ya adabu ya kulinda heshima yake, na ya kulinda urafiki pia.

*Mbao mbili*

Waluba walikuwa na ubao mwingine maarufu duniani kote: lukasa. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yanaonyesha lukasa kama moja ya kazi kubwa za akili ya Afrika. Ni kipande cha mti kinachotosha mkononi, kimepambwa kwa shanga na makombe. Mwenye kuijua aliishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga, na kila shanga ilimkumbusha jambo: mfalme, ukoo, mahali patakatifu, safari. Waliojua kuisoma walikuwa watu wa chama cha Mbudye, na kupata elimu ile kulitaka kuingizwa hatua kwa hatua. Mtu wa nje aliona shanga tu.

Sasa weka kisolo kando ya lukasa. Kisolo ni safu 4 za mashimo, safu 2 zako na 2 zangu, mashimo 6 ao 7 kwa kila safu kulingana na mahali. Unachota mbegu katika shimo moja, unazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, na kutokana na mahali mbegu ya mwisho inapoangukia, unaendelea, unasimama, ao unakula mbegu za mwenzako. Hakuna kificho. Mbegu zote ziko wazi, kila mtu anazihesabu. Mtoto anayepita na maji kichwani anaweza kusimama, akaona nani amezidiwa, akaendelea na njia yake. Na kama hauna ubao, unachimba chini.

Mbao zote mbili ni zetu na zote zina kazi. Lukasa ililinda elimu ambayo haikupaswa kumwagika ovyo. Kisolo kilifanya kazi ya kukusanya watu. Kosa letu la likizo ile ni kwamba tulisema tunaleta kisolo, kumbe tulileta lukasa: kitu ambacho mwenye ufunguo ni mmoja, na wengine wanangoja awasomee.

*Sisi tulioingia chama*

Na hapa, bandugu, inabidi tujiangalie wenyewe, maana chama cha waliosoma si kitu kipya katika inchi hii. Mwaka 1925, Léopoldville, kilianzishwa chama cha wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut, kikaitwa ADAPES. Baadaye, hasa baada ya vita vya pili vya dunia, vyama vya namna ile na duara za waliosoma vilienea katika miji ya Kongo, pamoja na kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Wakoloni walivipenda kwa sababu walifikiri ni mahali pa kuwafanya "ba évolués" wawe na tabia za Kizungu: maktaba, mihadhara, starehe safi. Siasa ilikatazwa, lakini kuketi pamoja kuliruhusiwa.

Kule kuketi kulizaa mambo mawili. La kwanza ni zuri. Mwaka 1946, katika UNISCO, umoja wa vyama vile vya wanafunzi wa zamani, Joseph Kasa-Vubu alitoa mhadhara juu ya haki ya wenyeji juu ya ardhi yao. Miaka 14 baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Kongo huru. Kwa hiyo mtu asitwambie kwamba fete na mazungumzo ya waliosoma ni kupoteza wakati. Nyumba kubwa imejengwa juu ya viti vile.

La pili ni chungu. Serikali ya kikoloni ilileta karata ya sifa za uraia mwaka 1948, na mwaka 1952 ikaleta sheria mpya ya kuandikishwa kama mtu "aliyestaarabika". Aliyeomba alichunguzwa: Kifaransa chake, mke wake, nyumba yake, hata namna familia inavyokula mezani. Waliopata walikuwa wachache sana. Waliopata na waliokosa wote walifundishwa somo lilelile: kwamba meza ni mahali pa kupimwa.

Naogopa kwamba somo lile bado liko ndani yetu. Tunaita watu mezani, na pasipo kukusudia tunawapima. Anajua Kifaransa? Anaelewa haraka? Anashika karata namna gani? Yule rafiki yangu wa nyavu alisikia harufu ya kipimo. Alipimwa mara nyingi maishani mwake, hakuhitaji kupimwa tena siku ya fete.

*Safari ya jina*

Basi michezo ya mashimo ilisambaa namna gani bila kupima watu? Sikilizeni majina. Sisi tunasema kisolo. Wasukuma wa Tanzania wanasema isolo. Rwanda ni igisoro. Watonga na Waila wa Zambia wanasema chisolo. Washona wa Zimbabwe wanasema tsoro. Sikio lako linakuambia wazi kwamba majina yale yanafanana kama watoto wa nyumba moja. Philip Townshend alizungukia michezo hii ya Zaïre, Rwanda na Burundi, akatoa kazi yake mwaka 1977, na kinachoonekana ni kwamba kila mahali kuna tofauti: idadi ya mashimo, mbegu za kuanzia, namna ya kula. Mchezo ulivuka mito na lugha, na kila kijiji kiliupokea kikaurekebisha. Hakuna aliyewaambia "munakosea, si hivyo ilivyoandikwa."

Nenda mpaka pwani, utakuta bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64, na ugumu ambao wataalamu wanauweka kati ya michezo migumu ya ubao duniani. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda. Mholanzi Alexander de Voogt aliwafuata mabingwa wa bao wa Zanzibar, akaandika tasnifu ya udaktari juu ya akili zao mwaka 1995. Lakini mchezo ule mgumu hivyo unachezwa barazani, mbele ya wapita njia. Mtu anaujifunza kwa kutazama. Unakaa pembeni siku nyingi, unasikia wanavyotaniana, unaanza kuona kwa nini yule amekosa. Siku moja mchezaji anaitwa nyumbani, nafasi inabaki wazi, wanakuambia kaa. Wakati huo nusu ya mchezo umekwisha kuijua, na hakuna aliyekuaibisha.

Hata Mmarekani aliyeuza mchezo huu kwao alielewa kitu. William Julius Champion, mwaka 1940, alitengeneza Kalah: safu 2 tu, mashimo 6 kila upande, na shimo kubwa la akiba kila mwisho. Alipunguza ili mtoto aelewe kwa dakika chache. Mwaka 2000 watafiti watatu walitumia kompyuta kutafuta nani atashinda Kalah kama wote wawili wanacheza bila kosa, wakaandika makala ya sayansi juu yake. Tazameni mambo: mashimo ambayo baadhi yetu tunaona haya kuyachimba mbele ya wageni, wengine wameyatia kwenye kompyuta.

Kwa hiyo kutoka Mushenge mpaka Unguja, njia inafanana. Mchezo unawekwa mahali watu wanapopita. Unachezwa bila kuelezwa. Anayetazama ana kiti chake na haki yake ya kusema. Mgeni anapewa umbo dogo kwanza. Na sheria zinakubali kukunjwa kidogo kwa ajili ya watu, kwa sababu watu ndio sababu ya mchezo.

*Siku ya pili chini ya mwembe*

Juma moja baada ya fete ile nilienda kwa mzee mmoja, mjomba wa mama yangu. Nilimwambia: "Tata, nataka munifundishe kisolo." Akaniangalia, akauliza: "Hii yote miaka, njo leo unauliza?" Nilinyamaza. Nilikuwa na miaka 17 ya masomo nyuma yangu, na hakuna siku hata moja darasani niliyosikia neno kisolo, lakini pia hakuna siku niliyokwenda kuuliza.

Alichukua kijiti, akachimba mashimo 28 kwenye kivuli cha mwembe uleule, safu 4 za mashimo 7. Akatuma mtoto alete kokwa za ngazi. Mimi nikatoa kalamu na kaye. Akasema: "Weka ile kaye. Kaa kwanza. Macho njo mwalimu." Akaanza kucheza na mjukuu wake wa miaka kama 10. Hakuita mtu. Lakini sauti ya kokwa inaita yenyewe. Baada ya robo saa kulikuwa na watu sita, kisha kumi. Mama yule wa "ekizame" alikuja na kiti chake kabisa. Watu walianza kupiga kelele: "Ah, si hapo! Atakukula!" Vijana waliokuwa na telefone mkononi waliziweka mfukoni pasipo kuambiwa.

Na yule rafiki wa nyavu alikuwako. Mzee alimwita acheze na mimi. Kumbe alijifunza tangu utotoni, kule kambi za wavuvi, usiku wakingoja nyavu. Alinila mara ya kwanza kabla sijaelewa kilichotokea. Watu walicheka sana, na nakiri kicheko kilinichoma kidogo, nikamkumbuka Nkongolo. Lakini mzee alikuwa na desturi yake: aliyeshinda ndiye anayejaza mashimo upya kwa ajili ya mwenzake, na aliyeshindwa ndiye anayeanza. Kwa hiyo rafiki yangu, wakati anapanga kokwa moja moja, alikuwa ameinama mbele yangu, ananieleza kwa sauti ya chini: "Pale ulikosea kuhesabu. Anza huku." Mshindi alipiga magoti, aliyeshindwa alikuwa amekaa kwenye kiti. Kicheko kikakosa nguvu ya kuumiza.

Tulicheza mpaka giza. Sikushinda hata mara moja. Katika mchezo wa nne ao wa tano nilianza kuona mbali kidogo, nikamla kokwa nyingi kwa mara moja, na yeye ndiye aliyepiga kelele ya furaha kupita wote. Wakati wa kuagana hakusema neno kubwa. Alisema tu: "Kesho nitakuya na mudogo wangu."

*Tufanye nini?*

Sisemi kwamba michezo ya sanduku ni mibaya. Yaya yule aliyeileta alitumia pesa yake kwa upendo, na ule mchezo wake wenyewe tuliurudia baadaye, kwa njia ya mzee: wawili wakaanza kucheza kimya, hakuna kusoma kitabu, pesa za karatasi tukapunguza nusu, sheria tatu tu za kuanzia. Watoto ndio waliokaribia kwanza. Mama zao wakafuata. Nyingine zote tulizieleza pale mtu alipouliza mwenyewe. Ulikwenda vizuri.

Kwa hiyo, mwenzangu unayeandaa fete ya chama chenu, Kamina, Kabongo, Bukama ao popote, chukua haya machache kutoka kwa Shyaam na kwa mjomba wa mama yangu. Anza kucheza kabla ya kueleza. Weka viti vya watazamaji kuliko viti vya wachezaji. Mgeni wa kwanza mpe mwenzake wa kucheza naye pamoja, wawili kwa upande mmoja, asibaki peke yake na kosa lake. Mwenye diplome asiwe yeye wa kueleza kila mara. Na fikiria mapema aliyeshindwa atapewa nini: zamu ya kwanza, kiti kizuri, ao neno zuri tu.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kupita yote haya. Mzee yule ana miaka mingi. Sheria anazocheza yeye si zilezile za upande wa pili wa mto, yeye mwenyewe anasema hivyo. Ubao wa Shyaam uko London, umetunzwa vizuri ndani ya kioo, na kila mwaka watu wanaupita wanautazama. Mashimo 28 ya chini ya mwembe wetu, mvua ya kwanza iliyajaza matope. Kilichobaki kiko ndani ya vichwa vya watu, kama ilivyokuwa kwa lukasa, na vichwa vile vinapungua.

Tunajua kuandika. Hiyo ndiyo diplome yetu ilitupa. Basi likizo hii, kila mmoja amtafute mzee ao mama mmoja wa kwao anayejua kisolo, akae, acheze, ashindwe, kisha, na iwe kisha kweli, afungue kaye na aandike: mashimo mangapi, mbegu ngapi, unaanzia wapi, unakula namna gani, na mshindi anamfanyia nini aliyeshindwa. Hilo la mwisho musilisahau.

Tutaonana kwenye mwembe.